Aliiba Miksi Yangu, Sasa Mama Mkwe Wake Ameniita Niwapigie Harusi

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe. Tunduma ni ndogo, na huyu mtu yumo humu humu kwenye page yako.

Mimi ni dada wa miaka 27, DJ wa sherehe. Ndiyo, mwanamke, na msianze. Kazi nilifundishwa na mwanaume niliyempenda, tumwite Fundi, mwenye kibanda cha kuchoma CD karibu na stendi. Alinionyesha kuvaa hedifoni sikio moja, jingine liwe kwa watu: wimbo unaokuja unausikia wewe kwanza, ukumbi baadaye. Hilo simnyimi.

Mengine niliyatafuta mwenyewe. Harusi za huku nusu ya ukumbi ni ndugu wa Nakonde, upande wa Zambia. Ukipiga Bongo Flava tupu, mashangazi wa ng'ambo wanakaa na soda zao. Ukipiga za Zambia tupu, wa kwetu wananuna. Basi navuka boda, nakaa jikoni kwa mama yangu mdogo, naangalia wimbo upi unamfanya aache mwiko acheze. Nikirudi nazichanganya mpaka mtu hajui ametoka Zambia saa ngapi. Mashangazi wakisikia wanapiga kelele "Mayo!", yaani mama wee, na viatu wanavua. Fundi hiyo hakuiweza hata siku moja.

Miksi yangu ya kwanza niliirekodi pale kibandani. Katikati akashika maiki, akacheka, akasema, "Huyu ndiye mke wangu. Bila yeye mimi DJ gani?" Nikaiacha hivyo hivyo, mapenzi hayo. Alikuwa ameahidi kutuma mshenga kwetu Ihanda.

Mshenga hakuja. Siku moja nasukwa saluni, nasikia miksi yangu inapigwa! Maneno yale yamekatwa, juu yake Fundi anajitaja jina lake kila wimbo ukibadilika. Nilitoka na kichwa nusu kimesukwa, nusu timutimu, nikamfuata. Akanijibu mbele ya wateja, "Mwanamke wa kushinda kwenye kumbi nani anaoa? Wewe ulikuwa unanibebea spika tu." Akanitema kama kapi la muwa.

Mungu si Athumani. Mwezi uliopita mama mmoja wa Mlowo alinipigia: binti yake anaolewa, na mashangazi wa Nakonde wamesema bila yule DJ wa kike hawachezi. Nikauliza jina la bwana harusi. Akamtaja Fundi. Nikamwambia, "Nitakuja mama, tena kwa moyo wote."

Fundi akasikia, akanipigia. Nilidhani anaomba msamaha. Kumbe! "Piga vizuri, nitakutambulisha ukumbini kuwa wewe ni mwanafunzi wangu." Mwanafunzi wake! Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na hayakuwa ya kicheko.

Juzi bibi harusi alikuja kuchagua nyimbo. Binti mpole, ananiita dada. Akasema, "Dada, tukiingia ukumbini naomba ile miksi ya mume wangu. Ndiyo iliyofanya nimpende."

Jamani! Nikamwambia, "Nitaiweka, mdogo wangu." Na nitaiweka. Ya asili ninayo, haijakatwa hata neno.

Harusi ni Jumamosi. Mama mdogo, niliyemweleza peke yake, anasema nikithubutu hakuna atakayeniita tena kwenye sherehe, pande zote mbili za boda. Anasema pia kwamba atakayeungua ni binti wa watu ndani ya shela lake. Najua. Lakini moto huu sikuuwasha mimi. Na msiniambie nimwachie Mungu, nilimwachia na mtu anazidi kunenepa. Nataka ukumbi mzima umsikie kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa na suti, akiwa kamshika mkono mwenzake.

Kila nikivaa hedifoni kufanya mazoezi namsikia anacheka, "Huyu ndiye mke wangu." Mpaka sasa naisikia peke yangu. Ndugu zangu, nipeni neno kabla ya Jumamosi: na ukumbi nao uisikie?