TV yangu ya mgongo ilinikata kwa video ya ntheo, nikabaki mkono

Vijana wa humu, habari zenu. Naona mnaitana wakuu, basi wakuu, nisikizeni mimi nyanya yenu wa Laini Saba.

Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo msinirekebishe maandishi. Lakini haya yalinipata mwenyewe, na binti yangu Ndinda alikuwa hapo. Hawezi kubisha.

Mjukuu wangu Mwende alifanyiwa ntheo. Kwetu Wakamba, hiyo ndiyo siku watu wa kijana wanaleta mbuzi na msichana anahesabiwa wao. Tuliifanyia nyumbani, Machakos.

Sasa, kwetu mgeni hukalishwa katikati ya hema. Wenyeji mnakaa kando, ndio muweze kuinuka mkienda kuangalia sufuria.

Kwa hivyo mkwe wangu wa Kawangware, nyanya ya huyo kijana, akakaa katikati. Gauni la zambarau, kilemba juu. Mimi nikakaa mwisho wa safu. Sikujali.

Haya, nilijali kidogo.

Baadaye video ikaletwa kwa flashi. TV yangu ni ile ya zamani yenye mgongo, kioo karibu mraba. Ndinda akachomeka flashi kwa dikoda, ikacheza. Lakini juu kuna weusi, chini kuna weusi, picha imebanwa hapo katikati kama mtu anachungulia chini ya mlango.

Nikamwambia, "Toa hizo nyeusi. Akina mama wa kanisa wanakuja leo, hawaji kuangalia nusu TV."

"Mama, hii video ni wide. TV yako si wide. Wacha tu hivyo."

"Toa."

Akaingia kwa setingi. Watu wakawa warefu, wembamba, hata mbuzi akafanana na twiga. Nikakataa. Akabonyeza ingine, kioo kikajaa, nyuso kubwa, safi. Nikasema hapo hapo, weka rimoti chini.

Akina mama wakaja, wakajaa kwa viti. Chai ikamiminwa. Video ikaanza.

Mkwe anacheka. Mkwe anasalimiwa. Mkwe amejaa kioo kizima.

Mimi nangoja nitokee.

Kilichotokea ni mkono. Mkono wangu ulikuja ukampa kikombe cha uji, ukarudi ulikotoka. Mkono bila mwenyewe.

Mama Syombua, huyo hanyamazi hata kwa maombi, akauliza, "Kwani wewe siku hiyo ulikuwa wapi? Ama walikuacha na sufuria?"

Wakacheka wote.

Vijana, huyo Mwende nimemlea tangu chupa ya maziwa. Nimeuza mboga ya sukuma huko Silanga kwa jua na kwa mvua asome. Halafu kwa ntheo yake mimi ni mkono?

Nikajua ni huyo mkwe wa zambarau. Mtu wa kamera alitoka upande wao. Alimwambia anikate, abaki yeye peke yake ndiye nyanya.

Kesho yake nikaenda Kawangware, bila simu. Nikapata TV imepigiliwa ukutani, pana kama mlango uliolazwa. Wivu ulinishika nikiwa bado sijavua viatu.

"Mkwe, nionyeshe mahali mlinikata."

"Tukukate na nini? Keti kwanza."

Akawasha. Video ni ile ile. Na mwisho wa safu ni mimi, mzima, na leso yangu ya kijani, natafuna.

"Si huyo?" akasema. "Na huo mguu wa mbuzi ulimaliza peke yako. Mwenzangu, ni TV yako haina upana. Ukilazimisha picha ijae kioo, inatupa wale wa pembeni."

Nilitamani sana awe amekosa. Hata chai yake ilikuwa tamu. Hiyo nayo iliniuma.

Nikarudi, nikamwambia Ndinda arudishe zile nyeusi. Nikaita akina mama tena. Nikaonekana mdogo, lakini mzima, na uso.

Mama Syombua akasogelea kioo. "Kumbe ulikuwa! Lakini huyu wa zambarau ndiye anakaa kama mwenye sherehe."

Nilichojifunza ni hiki. Kama TV yako ni ya zamani, acha weusi ukae juu na chini. Si ugonjwa. Ukijaza kioo picha inapendeza, lakini kuna mtu wako umemtupa nje na hujui.

Wenye TV za mgongo, niambieni nyinyi mnafanyaje. Wenye TV za flat mnaweza kungoja kidogo.

Wivu wangu bado haujaisha, sitawadanganya. Harusi ya kanisa iko njiani. Kwa hivyo jana niliita nyumba yangu yote nikawaambia: siku hiyo hakuna kamera itawashwa kabla kiti changu hakijawekwa katikati ya hema, na mgeni wa zambarau akalishwe kando, karibu na jikoni.