Hadija Aliyekataa Bunduki ya Mbao

Leo Ijumaa. Miaka miwili na mwezi mmoja tangu nitoke Mbale kuja kubeba matofali huku Uarabuni.

Akili yangu inakataa kabisa. Hadija wetu amefariki! Homa ya siku nne tu, na Jumanne wakamzika kabla ya alasiri. Ujumbe nimeusomea ghorofa ya sita, koleo mkononi.

Wengi humu hamkumjua. Ngoja niwaambie, na sitaandika kwa kulia, maana angenicheka.

Tulikutana Jinja, kwenye audition ya mchezo wa jukwaani. Mimi kijana wa Busiu, shule niliishia darasa la saba, Kiswahili nilikiokota kwa madereva wa malori ya Kenya. Yeye binti wa Kinubi wa Mbale mjini, kwao Kiswahili ni cha nyumbani tangu enzi za bibi.

Walitupa form. Kuna mahali pa kujaza lugha unazojua. Vijana wazoefu wakatunong'oneza: "Nyinyi, msiandike Kiswahili! Mtapewa ujeshi."

Ni kweli. Kwenye michezo yetu Uganda, anayesema Kiswahili ni askari. Anaingia, anafoka "Kaa chini! Toa kitambulisho!", watu wanacheka, anatoka. Basi.

Mimi nilikuwa nimeshakiandika kwa herufi kubwa, nikidhani nitaonekana msomi. Hadija naye alikuwa amekiandika, akasema, "Nifute kwa nini? Ndiyo lugha aliyoniogeshea bibi."

Director, mzee mmoja wa maneno machache, akasoma form yake, akamnyooshea bunduki ya mbao. "Wewe wa Kiswahili, shika."

Hadija akaipokea, akaitazama, akanipa mimi. "Mzee, naomba nisome sehemu ya mama."

"Mama anasema Kiingereza."

"Mama gani huyo? Yuko roadblock, kizuizini kwa askari, mtoto mgonjwa yuko mgongoni, halafu Kiingereza?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Mzee akasema haya, dakika mbili.

Kwenye script mama anataka kupita, askari anamkataa mara tatu. Mimi askari nikafoka mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hadija hakufoka. Akanisogelea, akanilaza kola ya shati, akasema polepole: "Mwanangu, umekula leo?"

Banange, jamani! Hiyo haikuwa kwenye script. Nikajibu, "Bado, mama." Na nikampisha apite!

"We afande gani wewe?" director akapiga kelele. "Script inasema ukatae mara tatu!"

"Mzee, ameniuliza kama nimekula."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mzee alitoa miwani akafuta macho. Lakini sehemu ya mama alikuwa ameshaiahidi kwa mwingine. Akamwambia Hadija: "Ujeshi upo, tunaanza kuzunguka shule Jumatatu. Mama hakuna."

Tukakaa nje tunakula rolex, chapati imekumbatia yai, mafuta yanachuruzika. Nikamwambia, "Chukua, bwana! Kila mtu anaanzia mahali."

"Wafula, nikiishika hii bunduki leo, watanijua nayo mpaka nizeeke."

"Sasa utakula nini?"

"Nitapima mahindi."

Na kweli akaenda kupima mahindi! Kwenye kinu kimoja kule Industrial, eneo la viwanda la Mbale. Vumbi la unga mpaka kwenye kope, mistari ya mama anaisema mbele ya magunia. Wapagazi wakimwita "Mama Roadblock", anaitika.

Ujeshi nikauchukua mimi. Nilifoka kwenye shule zote kutoka Jinja mpaka Tororo, na niseme ukweli, sikujifunza kitu kipya hata kimoja. Sauti ilipokatika wakanibadilisha kama betri. Nikapanda ndege.

Vijana mnaoniuliza inbox jinsi ya kuanza, sikieni. Form ijaze ukweli. Sehemu usiyoitaka ikatae kwa adabu, mlango usiupige teke. Na kabla hujaongeza neno lako, ijue script. Siku ile Hadija aliijua yote, hata mistari yangu!

Alirudi Jinja tena na tena. Wakimtolea bunduki, anasema asante mzee, anapanda gari, anarudi kwa mahindi yake.

Mwezi uliopita ikaja voice note, nusu yake makelele matupu. "Wafula! Nimepata! Mama, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili! Umelala huko?" Nikaruka mpaka helmet ikadondoka. Mnepali ninayefanya naye kazi akauliza, "Baby?" Nikasema yes! Ningemweleza saa ngapi?

Alicheza siku tatu pale Mbale. Video ninayo. Akina mama wa sokoni wanasahau kuwa ni mchezo, wanamfokea askari kutoka vitini: "Mpishe mama wa watu, afande! Huna kwenu?" Hadija hatetereki. Tazameni uso wake. Huyo ni mtu aliyefika.

Wiki iliyofuata homa ikaanza.

Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa ugomvi. "Na wewe urudi kwenye foleni ya audition. Hujawahi kusoma kitu zaidi ya amri." Nikamjibu nimechoka, mgongo umekwisha. Akacheka: "Mgongo huo ndio mzuri! Sehemu za kina baba hazina watu, wote mnataka ujana."

Hapa wamenipa karatasi ya kuongeza miaka miwili. Jana nimeirudisha kwa supervisor bila saini. Akauliza nina kazi gani nyumbani. Nikamwambia sina, nakwenda kuiomba.

Hadija, dada yangu, Mungu akupokee vizuri. Umefanya kazi uliyoitaka, wengi hatuwezi kusema hivyo. Lala salama, Mama wa mwanzo mpaka mwisho.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba. Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane niko Mbale: nitakuja kaburini kwako kwanza, halafu nakwenda Jinja kusoma baba.