Moshi Mweupe wa Reinhold Hergert

Reinhold Hergert alikula mkate wake kwa kutazama juu. Jimbo la Nebraska, Marekani, lilimlipa mshahara ili asimame mahali palipo wazi, aelekeze macho kwenye dohani ya kiwanda na kusema moshi unaotoka humo ni mweusi kiasi gani. Watoto wa mtaa wake mjini Marlow walimwita Mzee Moshi, naye hakuwahi kuwakemea. Baba yake alikuwa kibarua wa mashamba ya bitiruti za sukari, mtu wa kuinama na jembe la mpini mfupi tangu alfajiri, na alipokuwa akijinyoosha mgongo jioni alizoea kumwambia mwanawe atafute kazi ya mtu aliyeinua kichwa. Reinhold aliipata kazi hiyo, tena kwa maana yake halisi.

Chombo chake kilikuwa kadi. Ilichorwa miraba yenye mistari myeusi: katika mraba wa kwanza mistari ilikuwa myembamba, na katika wa mwisho minene kiasi kwamba weupe ulibaki kama vitobo. Mkaguzi aliinyoosha kadi mbele yake, akalinganisha moshi na miraba, akaandika namba. Kanuni za jimbo zilikuwa zimeandikwa zamani, wakati kila kitu kilichemshwa kwa makaa ya mawe, na zilijua moshi mweusi tu. Moshi mweupe ulipita juu ya kichwa cha Reinhold kama wingu, bila kuulizwa jina.

Mwaka 1977 mambo yalibadilika. Serikali ya shirikisho ilikuwa imekwisha kuweka viwango vyake vya moshi wa viwandani, na majimbo yalikuwa yakizifumua kanuni zao ili zilingane navyo. Zamu ya Nebraska ilipofika, mkubwa mmoja wa ofisi alikuja Marlow akaeleza bila kuzungusha maneno. Kadi zinawekwa kando. Mkaguzi atatumia macho yake matupu, na atasema kwa asilimia ni kiasi gani moshi unaziba kilicho nyuma yake. Mweusi na mweupe ni sawa mbele ya sheria. Kila mkaguzi atafanya mtihani kabla kanuni mpya hazijaanza kutumika, na asiyefaulu atapewa meza makao makuu, Lincoln, akague karatasi za wenzake.

Lincoln ilikuwa mwendo wa siku nzima kuelekea mashariki. Reinhold alikuwa amelala huko mara chache, na kila mara alirudi akilalamika kwamba mji ule una miti mingi hata mtu haoni mvua inapotoka. Lakini hilo lilikuwa dogo. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa Marlow. Mama mkwe wake alikuwa hai, na bado alikuwa akiomba kwa Kijerumani cha kwao cha kandokando ya mto Volga huko Urusi, pamoja na vikongwe wenzake wa Marlow ambao hangekubali kuwaacha. Mkewe, Amalia, hakusema hatahama. Alisema tu kwamba kwaya ya kanisa ina sauti nne, na ya pili ni yake.

Mtihani ulifanyika mwezi wa Agosti katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, kati ya mazizi matupu ya ng'ombe. Mwalimu, Delbert Toomey, alitoka Kansas akiburuta trela lenye dohani ndefu kama nyumba ya ghorofa. Alizunguka nalo jimbo hadi jimbo mwaka mzima, akiuza moshi, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Aliweza kuupunguza na kuuzidisha apendavyo, mweusi au mweupe, na ndani ya dohani kulikuwa na taa na kipimo kilichojua ukweli. Moshi ukitulia alipiga honi. Wanafunzi walitazama, wakaandika asilimia, wakangoja honi nyingine. Kosa lililozidi asilimia kumi na tano, hata kwa moshi mmoja, lilimwangusha mtu, na aliyeanguka aliruhusiwa kujaribu tena mpaka siku tatu za mtihani ziishe. Kila mtu alileta kiti chake cha kukunja kutoka nyumbani, na wote walikaa mstari mmoja, jua likiwa mgongoni.

Katika mstari huo serikali na viwanda vilichanganyika, kwa sababu viwanda navyo vilitaka macho yao wenyewe. Ndiyo maana kiti kilichokuwa kando ya Reinhold kilikaliwa na Victor Schwindt, msimamizi wa maboila katika kiwanda cha sukari cha Marlow na kaka yake Amalia. Kwa miaka mingi Reinhold alikuwa ameiandikia namba dohani ya Victor siku za kazi, na Jumapili amekaa naye meza moja.

Victor alikitazama kiti cha shemeji yake na kumwambia kwamba anakijua, ni cha dada yake. Reinhold akamjibu kwamba amekichukua makusudi, ili Victor akumbuke Jumapili anakula kwa nani.

Kwenye moshi mweusi Reinhold alikuwa nyumbani. Aliandika haraka, akakaribia kupata yote. Kisha Toomey akafungua mweupe.

Ukatoka mzito, unang'aa, umetandaza mabega juu ya anga la buluu. Reinhold aliukazia macho mpaka yakatoka machozi, akaandika asilimia sitini. Kipimo kilisema thelathini na tano. Uliofuata aliuandika arobaini, kumbe ishirini. Kila mara alizidisha. Victor naye alikuwa akianguka upande wa pili: arobaini kwake ilikuwa kumi na tano, na penye kumi aliandika sifuri bila kusita.

Jioni ya siku ya pili, wote wawili wakiwa wameanguka kila walipojaribu, Toomey alipitia karatasi zao huku akitabasamu. Akawaambia kwamba miaka yote ya kuuza moshi imemfundisha jambo moja. Hahitaji kusoma jina juu ya karatasi. Akiangalia makosa anajua mara moja nani anakula serikalini na nani anakula kiwandani. Mkaguzi huongeza, mtu wa boila hupunguza, na wote wawili wataapa kanisani kwamba wameandika walichokiona.

Walibakiwa na siku moja.

Amalia aliwapa chakula cha jioni wote wawili: maandazi ya kuoka yaliyojazwa kabichi na nyama, ambayo kwa kawaida Reinhold aliyala bila kuhesabu. Usiku huo alikula moja akaliacha lingine. Victor alikuwa akieleza jinsi moshi mweupe unavyodanganya, na Reinhold akisema haudanganyi, ni Victor tu aliyezoea kusingizia kwamba ni mvuke. Walikuwa wameanza kupandisha sauti Amalia alipoweka sufuria mezani kwa kishindo.

"Siku mbili nasikia habari za moshi huu," alisema. "Wewe unauona shetani, na wewe unauona malaika. Kesho badilishaneni viti, pengine makalio yataona kilichoyashinda macho."

Victor alicheka hadi akakohoa. Lakini kicheko kilipokwisha, Reinhold alimuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza. Alitaka kujua Victor anaona nini anapotoka nje ya kiwanda kuitazama dohani.

Victor akaisogeza sahani yake kando. Akasema anawaona watu wake. Makaa yamelowa theluji, nguvu ya mvuke inashuka, vijana wanachochea moto jasho likiwatoka kwenye baridi kali, naye anatoka nje, anaona weupe kidogo, na anajiambia utakwisha sasa hivi. Mara nyingi kweli hukwisha.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi naona mashuka ya mama," Reinhold alisema. "Tulikaa nyuma ya kiwanda. Alikuwa akiyafua Jumatatu, majivu ya dohani yanayaangukia, na Jumatatu hiyo hiyo anayafua tena."

Asubuhi walibadilishana viti. Ulikuwa mzaha, na wanafunzi wengine walipouliza, Victor aliwaeleza kwamba ni amri ya daktari. Ila Reinhold alipokaa kwenye turubai lililobonyea kwa uzito wa shemeji yake, aliamua kuufuata mzaha mpaka mwisho. Akajifanya yeye ndiye Victor: dohani ile ni yake. Vijana walio chini ni wake, na wamechoka.

Honi ililia. Mkono wake ulitaka kuandika hamsini. Akajiuliza Victor angesema ngapi, akajua: ishirini. Basi akautazama moshi kama kitu kisicho cha yeyote kati yao, akaandika thelathini na tano.

"Tena usiukodolee," Victor alimnong'oneza. "Unautazama kama polisi. Tupia jicho, ondoa. Kama unampita mke wa mtu."

"Huyo dada yako anajua unanifundisha haya?"

"Andika, shemeji."

Aliandika. Akitazama mara moja na kugeuza uso, aligundua kwamba macho hayamwumi tena, na moshi uliopita haumfuati katika unaokuja. Weupe ulipungua makali. Nyuma yake aliweza kuona mstari wa milingoti ya umeme, mara wazi, mara kwa shida, na hapo akaelewa kwamba hicho ndicho alichokuwa akiulizwa siku zote. Hakuulizwa moshi ni mbaya kiasi gani. Aliulizwa unaficha kiasi gani.

Karatasi zilisahihishwa na jirani, Toomey akisoma majibu kwa sauti. Victor alishika ya Reinhold. Alisahihisha, akajumlisha makosa, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Kisha akainuka na kukilaza kiti cha dada yake chini, pengine ili asikiangushe.

"Unabaki," alisema. "Mungu anisaidie mimi na dohani yangu, unabaki."

Akamkumbatia mbele ya mstari mzima, mkaguzi na mkaguliwa, na mtu mmoja wa kiwanda cha saruji akapiga makofi.

Victor mwenyewe alikuwa ameanguka kwa moshi mmoja tu. Reinhold angeweza kwenda nyumbani. Alibaki. Alikaa juani mchana kutwa, na kila honi ilipolia alimkumbusha shemeji yake kwamba kuna mama ameanika mashuka nyuma ya kiwanda, meupe, ya kitanda cha watu wanne, na upepo ni wa huko. Victor alimtukana kwa Kijerumani cha nyumbani. Alijaribu, akaanguka, akajaribu tena. Jua lilipokuwa limeanza kushuka, Toomey alisoma majibu ya mwisho, na safari hii Reinhold ndiye aliyejumlisha mara mbili; mara zote mbili Victor alikuwa amefaulu.

Walirudi kwenye gari la Reinhold, viti vikigongana nyuma, wakiimba wimbo wa mavuno ambao kila mmoja alijua ubeti tofauti. Amalia alikuwa getini. Alikuwa amesimama pale kwa muda, mikono imevingirishwa kwenye aproni, na hakungoja gari lizimwe.

"Tunakaa?" aliuliza.

"Tunakaa."

Hakupiga kelele. Alifunika uso kwa aproni, akaufunua, akampiga mumewe begani, kisha akampiga na kaka yake bila sababu. Wakati huo dirisha la jikoni, nyuma yake, lilikuwa likitoa moshi, mweupe, wa polepole, kwa sababu maandazi yalikuwa yamesahauliwa ndani ya oveni.

Wanaume wawili waliona kwa pamoja. Wakatupia jicho mara moja, wakageuza nyuso.

"Ishirini na tano," alisema Reinhold.

"Ishirini na tano," alisema Victor, na wakatazamana kwa mshangao.

Amalia alikuwa tayari anakimbia kuelekea jikoni, akiwaambia yeye hana cheti cha kusoma moshi, lakini chakula hicho kimeungua na watakila.