Mashine Kama ya Wifi

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya pindo zake: zilinyooka kana kwamba zimepigwa rula, na mshono wake huuoni mpaka uigeuze nguo. Chumba chake kilikuwa cha kwanza ukiingia kwenye korido, na kwa muda mrefu hakuna aliyepita mlango ule na kitambaa mkononi. Halafu mdogo wake wa kiume akaoa fundi.

Wifi huyo alikodi chumba cha mwisho wa korido. Mama Pindo alimpokea vizuri, akampa hata pasi yake ya zamani. Kilichoharibu mambo ni ovaloki. Wifi aliiagiza kwenye soko la mtandaoni, ile mashine inayokata kingo za kitambaa na kuzifunga nyuzi kwa mpigo mmoja, na tangu siku hiyo ikawa inanguruma kule mwisho kutwa nzima. Wateja wakaanza kupita. "Hujambo, Mama Pindo," huku miguu haisimami. Mwalimu mmoja, ambaye gauni lake la harusi lilishonwa na Mama Pindo huyu huyu, alipofika mlangoni alilihamishia begi lake mkono wa pili, upande wa ukuta, lisionekane. Begi lile ndilo lililomkata maini.

Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa wifi akajifanya anasifu mshono wa blauzi, kumbe jicho liko kwenye kibati chenye jina la mashine. Siku ile ile akaagiza ya aina hiyo, kwa muuzaji huyo huyo.

Mzigo ulipofika alijifungia ndani. Akapitisha nyuzi, akakanyaga. Mashine ikashona kidogo, ikaruka mishono mitano, ikashona tena, ikaruka. Sindano ikagonga chuma ikakatika. Alibadilisha sindano nne, zote zikaenda njia hiyo hiyo, na wakati huo wote ya wifi ilikuwa inanguruma bila kukohoa.

Akaandika kwa muuzaji kuomba arudishiwe pesa zake. "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu, tuma picha." Akatuma. Wakataka video, akatuma. Wakataka risiti, ambayo ni wao wenyewe waliomtumia. Wakampiga danadana hivyo hadi siku za kurudisha bidhaa zikabaki tatu, ndipo likaja jibu refu kidogo: "Mpendwa mteja, tuna mteja mwingine katika jengo lako. Mashine kama hiyo inamfanyia kazi vizuri na ametupa nyota tano. Tunakushauri ujifunze kwanza kuitumia."

Alisoma mara tatu. Kuambiwa hajui kazi angeweza kuvumilia, wateja wakorofi walishamwambia makubwa zaidi. Zile nyota tano ndizo zilizomkaa rohoni. Hata huko mtandaoni wifi alikuwa amemtangulia.

Siku mbili akakaa na uchungu wake, akifikiria kuiacha tu ile mashine iozee chini ya meza. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akaenda mwisho wa korido.

"Karibu ukae, wifi."

"Sikai. Nilinunua ovaloki."

Wifi akazima mashine yake. "Lini?"

"Ina wiki mbili sasa. Mbovu, na hawataki kunirudishia pesa. Wanasema wewe yako nzima, kwa hiyo mimi ndiye sijui."

Mama Pindo alikuwa amejiandaa kuchekwa, na majibu alikuwa nayo tayari. Wifi hakucheka. Alichukua miwani yake akasema, "Twende nikaione."

Basi wifi akakaa kwenye kiti cha Mama Pindo, na Mama Pindo akasimama na simu, anarekodi. Kitambaa kikaingia. Mshono ukatoka safi, shubiri nzima. Mama Pindo akaomba kimoyomoyo ikatae, jamani ikatae, isije ikamtii huyu baada ya kumkataa yeye. Ikaruka. Ikaruka tena, na sindano ikakatika kwa mlio. Maishani mwake hakuwahi kukifurahia kitu kibovu kiasi kile.

Wifi akageukia simu. "Mimi ndiye yule mteja wenu wa nyota tano. Mashine hii ni mbovu, na fundi huyu ananizidi. Msipomrudishia pesa zake, nyota zangu nazifuta leo."

Video ikatumwa, na kesho yake wakakubali. Mtu wa mizigo akaja kuichukua mashine, na baada ya siku chache pesa zikaingia zote. Mama Pindo alikuwa amewabembeleza wiki mbili. Wifi alisema maneno matatu. Alikwenda kumshukuru, ingawa kwa shingo upande.

"Usijali," wifi alisema. "Ila unajua, wateja wangu kila siku wananiuliza mbona pindo zangu hazilali kama za kwako. Nimechoka kuwasikia."

Hakutabasamu aliposema hivyo. Mama Pindo aliona kwamba neno lile limemtoka wifi kwa shida, na alirudi chumbani akilitafuna polepole, kama peremende.

Pesa zile hakuzipeleka tena mtandaoni. Alikwenda dukani, akaijaribu mashine pale pale mezani mpaka muuzaji akachoka, akarudi na ovaloki ya nyuzi nne. Wifi alikuja kuitazama. Alizihesabu nyuzi kwa kidole.

"Yangu ni tatu," alisema.

"Ni nzito kidogo," Mama Pindo akajibu, akijikaza uso usimfunguke. "Ukitaka kuijaribu, njoo wakati wowote."

Wifi akashukuru, akaaga. Mchana Mama Pindo alikwenda kuchota maji, na alipopita mlango wa mwisho akamwona wifi kainamia simu, kidole kikipandisha picha za mashine, moja baada ya nyingine.