Dakika Ishirini za Ukuta

Sokoni kwetu kuna kamera nane, na kwa miaka sita anayezitazama ni mwanamke mmoja. Tunamwita Mama Macho. Chumba chake kiko juu ya ngazi ya chuma, karibu na matangi ya maji: kiti kimoja, feni inayolalamika, na skrini mbili. Zamani aliuza vitunguu langoni. Watani wake husema ndiyo maana alipewa kazi ile, macho yake yalishalia yakamaliza.

Tangu akae pale, wezi wa mifukoni wamepungua, na watoto wawili waliopotezana na mama zao wamepatikana kabla hawajaanza kulia vizuri.

Mimi ni fundi viatu, na si mtu wa maneno. Mteja akiniuliza kiatu kitakuwa tayari lini, namwonyesha kwa vidole. Basi binti yangu wa kwanza alipochumbiwa, mke wangu aliniambia, "Baba, siku ya harusi utasimama useme mwenyewe. Usimtume kaka yangu."

Nikaanza mazoezi. Kila siku saa saba mchana nilikwenda nyuma ya safu ya mafundi cherehani, mahali pasipopita watu saa ya chakula, nikasimama mbele ya ukuta nikauhutubia. "Wageni wetu wapendwa," naanza, kisha nakwama, narudia, napunga mikono. Kamera namba tano ilikuwa juu ya nguzo, nami nilishaisahau.

Wiki ya tatu, cherehani ya jirani yetu mmoja, mama mjane, iliibwa. Alikwenda kula, akarudi akakuta meza tupu. Watu wa kamati ya soko walipotazama kamera namba tano waliona ukuta wa upande wa pili. Dakika ishirini za ukuta mtupu. Wakarudi nyuma siku kumi na mbili za kazi, na kila siku saa saba ni vilevile: kamera inageuka, inatazama ukuta, inarudi.

"Niligeuza mimi," Mama Macho alisema. "Sababu ni ya mtu. Si yangu kuitoa."

Kamati ikampa hadi Ijumaa aeleze, la sivyo aache ufunguo. Wengine wakaanza kusema anakula njama na wezi.

Habari hizo nilizipata kwa mshona mikoba wa jirani. Aliposema "saa saba," nilijichoma kidole kwa sindano. Nikajua ule ukuta ulikuwa kwa ajili ya nani. Tena nikakumbuka kitu kingine. Siku ile ya wizi mpagazi mwenye kofia ya bluu alipita nyuma yangu akisukuma mkokoteni wenye kitu kilichofunikwa kitambaa. Niliona haya kukutwa nikisema peke yangu, nikainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu. Kusema nilichoona kulimaanisha kusema nilichokuwa nikifanya. Siku mbili nikashona viatu bila kumwambia mtu.

Ijumaa nikapanda kwenye ofisi ya kamati. Mama Macho alikuwa amekaa, ufunguo mezani mbele yake.

"Fundi, umeleta viatu vya nani?" mkuu wa walinzi akaniuliza.

"Aliyekuwa pale saa saba ni mimi," nikasema.

"Ukifanya nini?"

"Nahutubia ukuta. Harusi ya binti yangu."

"Na ukuta ulipiga makofi?"

Walicheka wote, isipokuwa mama aliyeibiwa. "Mwacheni aseme," alisema. "Cherehani ni yangu, siyo yenu."

Nikasema, kwa kukwamakwama, lakini nikafika mwisho: kofia ya bluu, mkokoteni, kitambaa, saa saba na robo. Walitazama kamera ya lango kuanzia saa hiyo. Mpagazi akatokea na kofia yake. Kesho yake cherehani ikapatikana kwenye banda moja barabara ya pili, ingali na uzi mwekundu aliouacha mwenyewe.

Lakini Ijumaa ile ile mwenyekiti alimgeukia Mama Macho. "Si ungetazama pembeni tu? Kwa nini kuigeuza?"

"Walinzi wanapanda kunywa chai kwangu," alijibu. "Mnakumbuka yule dada wa mboga aliyeteleza? Walirudia picha yake wiki nzima wakicheka, mpaka akahama soko. Huyu naye wangemwiga hadi kwenye mikutano ya soko. Nimekulia chumba kimoja, watu tisa. Mtu akitaka kubadili nguo, au kulia, wengine tunageukia ukutani. Hatukuwa na mlango, tulikuwa na visogo. Kamera haina kisogo, nikaigeuza."

"Kisogo chako ndicho kilichonipotezea cherehani, mwenzangu," mama mjane alisema.

"Ni kweli. Hapo nilikosea. Nisamehe."

Mkuu wa walinzi alikuwa akitazama viatu vyake. Mwenyekiti akaamua kamera isigeuzwe tena, na walinzi wasinywe chai tena katika chumba kile. Kisha akamsogezea Mama Macho ufunguo.

Jioni nilipanda ngazi ya chuma nikiwa na ndala zake za ngozi, alizokuwa ameniletea zikiwa zimekatika ukanda. Nilikuwa nimezishona mara mbili.

"Dada, ahsante," nikasema. "Siku kumi na mbili zote hizo."

"Kumi na tatu," akasema. "Siku ya kwanza, kabla sijaanza kuigeuza, nilisoma midomo yako kidogo. Ile sehemu ya mkwe ipunguze, ni ndefu."

Nikaipunguza.

Harusi ilifanyika mchana, ukumbi umejaa. Nilisimama, nikasema "Wageni wetu wapendwa," nikakwama. Mke wangu alikaza macho. Kaka yake akaanza kuinuka. Safu ya tatu nilimwona Mama Macho, kavaa zile ndala nilizomshonea. Alinitazama mara moja, halafu taratibu akageuza uso wake ukutani. Mama wa cherehani, aliyekaa kando yake, naye akageuka.

Nikauona ule ukuta wangu. Nikaongea mpaka mwisho, na binti yangu akalia, nami sikumtuma mtu.