Injini ya Afrakoma Iko Nje

Ukoo wa mkewe ulipotuma salamu kwamba unakuja kuchukua gari, Nyantakyi aliishusha injini.

Hakumwambia mtu. Alifungua nati, akavuta mnyororo, injini ikachomoka, ikaning'inia, akailaza juu ya matairi mawili ya zamani. Gari likabaki limeachama. Akanawa mikono kwa dizeli, akaketi kuwangoja wakwe.

Alikuwa fundi wa Suame, mtaa wa magereji pale Kumasi, ambako mtu haulizwi anafanya kazi gani, anaulizwa leo anafungua nini. Afrakoma, mkewe, alikuwa na mwaka kaburini. Enzi zake alileta nyanya kutoka Akumadan kwa gari lake dogo la kijani, analiendesha mwenyewe, anapiga honi hata barabara ikiwa tupu. Sasa matanga ya mwaka yalikuwa yamekwisha, na kwa Waasante mali ya mke ni ya nyumba ya mama yake. Vitambaa vilishakwenda kwao Mampong. Masufuria yalikwenda. Cherehani ilikwenda. Lilibaki gari. Nyantakyi hakuwa na haki nalo, na alijua hivyo. Alichokuwa nacho ni spana.

"Wewe mtu," alisema Issaka, jirani yake mchomelea vyuma. "Unaficha gari mbele ya macho ya watu?"

"Sijaficha. Sili ya oili ya nyuma inavuja."

"Inavuja tangu mimi nina meno yote."

"Basi ndiyo naibadilisha."

Wakwe walifika Jumamosi, wamejifunga vitambaa vyeusi na vyekundu. Walikuja na viti vyao vya plastiki, wakavipanga safu katikati ya gereji, kati ya gia boksi ya lori na tangi lililotoboka. Mbele alikaa Mzee Bediako, mjomba wa marehemu. Kando yake alisimama Amponsem, msemaji wa ukoo, ameshika fimbo yake. Nyuma alikaa Konadu, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyetajwa kulirithi gari. Hakumtazama shemeji yake hata mara moja.

Katika shauri kama hilo mzee hasemi na mkwe ana kwa ana. Humwambia msemaji, msemaji akasema. Na mkwe naye lazima awe na msemaji wake. Nyantakyi hakuwa na mtu, akamvuta Issaka, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kichwani.

"Mwambie," alisema Mzee Bediako, magoti yake yakikaribia kugusana na ya Nyantakyi, "tumekuja kuchukua gari la mtoto wetu."

"Mzee anasema ukoo umekuja kuchukua gari la mtoto wake," alisema Amponsem.

"Fundi," alisema Issaka, "wanataka gari."

"Nimesikia. Waambie injini iko nje."

"Anasema injini iko nje."

Wote wakageuka kuitazama. Ilikuwa imekaa juu ya matairi yake kama mgeni aliyewahi kufika kuliko wao.

"Waambie siwezi kuwapa gari linalovuja. Halafu injini ikiwa nje, mkono unafika pale usipofikaga. Ni ujinga kuirudisha bila kuitazama klachi."

Issaka alifikisha. Amponsem akawaza kidogo, kisha akamgeukia mzee wake kwa lugha ya heshima. "Anasema, yuko mtumishi anayekaa kati ya injini na gia. Miaka yote ameshika na kuachia, ameshika na kuachia. Amelika. Anaomba apumzishwe vizuri."

Mzee Bediako akataka kumwona mtumishi huyo. Diski ya klachi ikapitishwa mkono kwa mkono. Kila mmoja aliigusa, akatikisa kichwa, akampa wa pili. Shangazi mmoja alifuta machozi. Wakamimina kinywaji chini kama tambiko, pale pale kwenye oili, wakasema watarudi Jumamosi.

Waliporudi, klachi ilikuwa mpya. Lakini beringi yake je? Nyantakyi aliwaonyesha. Kitu cha ukubwa wa bangili, na kikilia baadaye itabidi injini nzima ishuke tena kwa ajili yake. Ukoo ukakubali kwamba hiyo ingekuwa aibu. Jumamosi iliyofuata ikawa zamu ya pampu ya maji. Iliyofuata, mkanda wa taiming. Halafu mipira ya maji, ambayo kwa macho ilikuwa mizima, lakini ukiikunja ilipasuka kama kisigino. Halafu raba zinazobeba injini, mbili zimechoka na moja ya kushoto imekatika kabisa.

Wakwe wakazoea. Wakaanza kuja na fufu na mchuzi wa mbuzi. Amponsem alinunua tochi. Yule shangazi aliyelia siku ya klachi sasa alikuwa akiinama hadi ndani ya boneti.

"Wewe fundi, huo wa chini umeutazama? Mpira wa chini ndio mnafiki."

"Nimeutazama, mama."

"Utazame tena. Mie siuamini."

Siku ya mkanda, Mzee Bediako mwenyewe aliuliza kupitia msemaji kama kile kigurudumu kinachoukaza nacho kimebadilishwa. Hakikuwa kimebadilishwa. Nyantakyi akakiri. Mzee akasikitika, akaongeza wiki.

Konadu tu ndiye hakuchangamka. Siku moja alisimama.

"Shemeji," alisema, "wewe hutengenezi. Unang'ang'ania."

Amponsem akagonga fimbo chini.

"Neno hilo halijapita kwangu," alisema. "Kwa hiyo halijasemwa."

"Lakini nimelisema!"

"Halijasemwa. Kaa."

Akakaa. Nyantakyi alijifanya anatafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Alijua anasogea ukingoni mwa visingizio. Alibadilisha paipu za breki zilizopita nyuma ya injini, kwa kuwa zilionekana sasa. Alifunga upya waya zote. Aliosha tumbo la gari, akakwangua kutu, akapaka rangi mahali ambapo hakuna binadamu angepaona. Kisha akang'arisha bolti. Issaka alipomkuta anasugua meno ya bolti kwa mswaki, alikaa kando yake.

"Ndugu yangu," alisema. "Kimebaki nini?"

Nyantakyi aliangalia huku na huku.

"Hakuna," alisema.

Wakairudisha injini wao wawili.

Jumamosi hiyo hakukaa. Alisimama karibu na gari, funguo mkononi, kama mtu anayengoja sindano. Mzee Bediako akainama chini ya boneti. Alikaa humo muda mrefu. Aligusa mpira mmoja, akaangalia kidole chake. Kilikuwa safi. Akainuka, akamnong'oneza Amponsem.

"Mzee anauliza, hili ni gari la nani?"

"La Afrakoma," alisema Nyantakyi.

"Anasema, la Afrakoma analijua. Lilikuwa na oili mpaka kwenye kioo. Mipira yake ilifungwa kwa matambara. Humu hamna kitu alichokitumia mtoto wake, vyote vigeni. Ukoo haurithi cha mtu mwingine. Anauliza, vile alivyovitumia vimetupwa wapi?"

Havikutupwa. Nyantakyi alionyesha kona nyuma ya mapipa, na ukoo wote ukaenda. Walipoiona klachi yao walipiga kelele kama watu waliokutana na ndugu stendi.

"Mtumishi yule pale!"

"Na ule wa chini! Si nilisema? Tazama ulivyo!"

Nyantakyi akaelewa kwamba gari limebaki lake. Alipaswa kufurahi. Badala yake aliwafuata hadi kwenye mapipa.

"Ni la Afrakoma!" alipaza sauti. "Injini ni ile ile! Kiti ni chake! Mnasemaje si lake?"

Amponsem akamgeukia Issaka kusubiri neno. Issaka alimtazama jirani yake, akazitazama funguo, akavua miwani.

"Fundi anashukuru," alisema.

"Issaka!"

"Na anawatakia safari njema."

Wakaondoka wakiwa na makarai kichwani. Sili, mikanda, mipira, beringi, vyote, taratibu, kwa foleni, kama watu waliotoka kuchukua maiti hospitali. Konadu alibeba raba za injini.

Walipokwisha kupotea, Nyantakyi aliingia garini akawasha. Liliwaka mara moja. Halikutikisika. Enzi za Afrakoma injini iliruka kwenye raba ile iliyokatika, mlango wa kushoto ukagonga, naye Nyantakyi akiwa gereji akajua kwa mlio huo kwamba mkewe amefika kwenye msikiti wa jirani, akamtengea maji ya kuoga. Sasa aliweka mkono mlangoni. Mlango ulikuwa kimya. Akaongeza moto. Kimya.

"Linasikika vizuri," alisema Issaka.

"Ndiyo," alisema Nyantakyi, akazima.

Wiki haikuisha. Alinunua chupa ya kinywaji, akamvalisha Issaka shati, wakaenda Mampong. Wakapewa viti vya plastiki.

"Fundi anaomba raba moja," alisema Issaka. "Ya kushoto."

"Mzee anauliza, si imekatika?"

"Imekatika."

"Ataifanyia nini?"

"Ataifunga."

"Raba mbovu, kwenye gari zima?"

Issaka alimgeukia Nyantakyi. Nyantakyi aliitikia kwa kichwa. Amponsem akatafuta namna ya kulisema hilo kwa heshima mbele ya mzee. Akaikosa.

"Anaitaka," alisema.

Konadu alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na raba imefungwa kwa kitambaa cha kichwani, akampa Nyantakyi mkononi. Amponsem aliinua fimbo, akairudisha chini polepole bila kugonga.

"Ukishaifunga pita hapa," alisema Konadu.

"Nipite kufanya nini?"

"Pita tu, shemeji. Na mimi niusikie mlango ule."

Injini ikiwa ndani, kazi hiyo ni taabu. Nyantakyi alilala chini ya gari na jeki na kipande cha ubao, akachubuka vidole vyote. Jumapili akaendesha kwenda Mampong. Mlango wa kushoto uligonga njia nzima.

Alipokata kona ya nyumba ya wakwe, Konadu alikuwa ameshatoka nje.