Mstari wa Chokaa Mlangoni

Hadi leo mtu akiniambia serikali imeudhibiti ugonjwa fulani, huwa namtazama tu. Wajukuu wangu wananiona mzee mkaidi, na labda ndivyo nilivyo. Lakini sizungumzi kama mtu aliyekaa pembeni akitazama. Kwa miezi kadhaa, vita vikubwa vilipokuwa vinaelekea kwisha, pale Ikutha, wilayani Kitui, serikali nilikuwa mimi: kijana mmoja mwembamba mwenye kaptura ya kaki, kopo la chokaa na brashi ya nyuzi za mkonge.

Nilikuwa dresa. Kazi ya dresa siku zile ilikuwa kuosha vidonda, kugawa kwinini, na kumfuata nyuma Bwana Afya, yaani ofisa wa afya wa wilaya, alipopita kukagua vyoo ambavyo watu walilazimishwa kuvichimba na ambavyo hawakuvitumia hata siku moja. Ndui ilipoingia nilipandishwa cheo bila kuambiwa. Mimi ndiye niliyejua kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa na baiskeli, basi.

Ilisemekana ugonjwa umeletwa na mtu aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge upande wa Kibwezi. Nafikiri ni kweli, kwa maana wa kwanza kuzikwa alikuwa kibarua wa huko. Bwana Afya akaja na lori, akaitisha baraza, akasema kuanzia siku ile soko limefungwa, hakuna kupeleka mbuzi Mutomo, hakuna ngoma, hakuna matanga. Wiki hiyohiyo likaja lori jingine kuchukua vijana wa kwenda kukata mkonge kulekule Kibwezi, na hao wakaruhusiwa kupita. Ndui ile ilikuwa na adabu ya ajabu. Mwanamke mwenye kikapu cha mtama ilimwambukiza, lakini kibarua wa mzungu ilimpisha njia.

Nilimuuliza Bwana Afya jambo hilo, kwa heshima zote. Akaniambia, "Wewe paka chokaa."

Tulikagua nyumba moja baada ya nyingine. Isiyokuwa na mgonjwa ilipakwa mstari mmoja mnene kwenye mwimo wa mlango. Iliyokuwa na mgonjwa haikupakwa kitu. Mgonjwa alibebwa kwa machela hadi kambini, vibanda sita vya majani ng'ambo ya mto Tiva, na askari wa chifu akawekwa njiani kuwazuia ndugu. Ndugu waliruhusiwa kuacha chakula juu ya jiwe. Kiasi gani kiliwafikia wagonjwa sijui, ila askari yule alinenepa. Maji yalichotwa mara moja kwa siku kwenye mashimo ya mchanga mtoni, na aliyeyachota ni mzee mmoja ambaye ndui ilishamla jicho utotoni, kwa hiyo haikuwa na haja naye tena. Mchana kutwa tuliwasikia watu wazima kule ng'ambo wakilia maji. Katika taarifa za Bwana Afya kambi ile iliitwa hospitali.

Msidhani nawasafisha watu wetu. Palikuwa na familia moja ya Kiislamu yenye asili ya pwani, yenye duka pale sokoni tangu kabla sijazaliwa. Watu wakaamua ndui imetoka kwenye majora yao ya nguo. Wakawazibia mlango wa mbele kwa matawi ya miiba. Halafu watu walewale wakawa wanazunguka uani kununua chumvi na tumbaku, na mwenye duka akawauzia bila kuwauliza kitu, maana naye alikuwa na watoto wa kulisha. Wengine walisema chanjo ya serikali inafanya wasichana wawe tasa, na papo hapo wakampelekea mganga mikono yao awachanje kwa wembe mmoja, mtu baada ya mtu. Kanisani nako wakafunga wakaomba siku tatu. Tulijaa hadi nje, tumebanana jasho kwa jasho, tukimwomba Mungu atuepushe na ugonjwa wa kukaribiana. Nasema sisi, kwa sababu mimi nilikuwa benchi la mbele nikiimba.

Chanjo yenyewe ilikuja ndani ya sanduku la mbao, siku mbili juu ya lori, katika jua la Kitui. Bwana Afya alichukua mrija mmoja wa kioo, akauinua kwenye mwanga, akauona umekuwa majimaji, akaguna. Kisha akasema tuendelee, orodha lazima ikamilike. Nikachanja. Mtu aliyechanjwa sawasawa mkono huvimba, ukatoa lengelenge, ukaacha kovu. Mikono niliyoichanja wiki ile mingi ilikauka tu kama iliyokwaruzwa na mwiba. Mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa mtoto wa dada yangu.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alipotutoka mimi nilikuwa sijaota meno, na dada alikuwa msichana wa kuchunga ndama. Alinibeba mgongoni mwake huku akichota maji na kupalilia, na wenzake walimcheka kwamba amezaa kabla ya kuolewa. Alipoolewa alizika watoto wawili wachanga kabla ya kumpata huyu wa kike. Mumewe alikuwa mkongeni, akija nyumbani mara moja kwa mwaka. Mtoto yule, wa miaka minne hivi, ndiye aliyekuwa mtu wake wote duniani, ukinitoa mimi.

Siku tuliyofika kukagua upande wao jua lilikuwa la utosi. Askari wa chifu aliketi kwenye kivuli cha mgunga, maana hakupenda kuingia nyumba za watu. Nikaenda peke yangu na kopo langu. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameitandaza, mmoja kila upande. Sikuhitaji kuambiwa. Ndui ina harufu yake, na kufikia wakati ule nilikuwa nainusa hata kwenye nguo zangu.

"Mwanaa mwaitu," aliniita, yaani mtoto wa mama yangu, "usiingie."

"Ana siku ngapi?"

"Hii ni ya nne. Usoni imetoka jana."

"Nilimchanja," nikasema.

"Ii, ulimchanja." Kisha akauliza, "Kule ng'ambo ya mto, nani amerudi?"

Nikamtajia wanaume wawili.

"Mimi nauliza watoto."

Nikawapitia moyoni wote niliowabeba kwenye machela, na hakukuwa na hata mmoja aliyerudi. Aliuona uso wangu, akaelewa.

"Basi paka," akasema.

Nilimwambia asitoke kwenda kwa watu, wala mtu asiingie kwake, mpaka magamba yote yadondoke na ayachome moto. Akaitikia kila neno. Nikachovya brashi, nikapaka mstari mnene kuliko yote niliyopaka siku ile.

"Hapo je?" askari akauliza kutoka kivulini.

"Safi," nikamjibu.

Nilijua nimevunja sheria, lakini sikuona nimemdhuru mtu. Nilijiambia hivi: watu wa hapa hawaamini chochote kinachotoka kwa serikali. Hawakuamini baraza, wala chanjo, wala hiyo iliyoitwa hospitali, na walikuwa na haki yao. Nani basi ataamini chokaa? Kumbe chokaa waliiamini. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa ilionekana kwa macho, na walikuwa wameona jinsi nyumba zilizoikosa zilivyotolewa watu. Kina mama wakawa wanaelekezana mahali pa kwenda kuomba moto au kuazima kinu: usiende pale, nenda pale, pana chokaa. Katika mambo yote tuliyowaletea waliokota hilo moja, na katika hilo ndimo nilimokuwa nimewadanganya.

Jirani wa karibu wa dada alikuwa mama mmoja mjane mwenye watoto wawili, mvulana na msichana. Ukame ulikuwa umemmalizia mbuzi wa maziwa, na dada alikuwa na ng'ombe mmoja aliyekuwa bado anakamuliwa. Siku ya tatu baada ya mimi kupita, mama yule alikuja na kibuyu chake, watoto wakimfuata. Dada alimwambia abaki nje, atamletea.

"Unaogopa nini nawe?" mama yule akamcheka. "Si una chokaa?"

Watoto walishaingia. Jua lilikuwa kali na ndani palikuwa na kivuli. Walikunywa maziwa palepale karibu na meko, wakitumia kata ya nyumba ile, na mtoto wa dada alikuwa amelala nyuma ya pazia la ngozi, hatua tatu kutoka kwao. Dada alinieleza haya baadaye, akiwa hanitazami. "Ningewafukuza kwa maneno gani?" aliniuliza.

Wote wawili waliugua kabla mwezi haujaisha. Safari hii askari aliandamana nami hadi mlangoni, maana Bwana Afya alikuwa amemkaripia kwa uvivu. Kopo lilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kujaribu kumlaghai, au kumpa kitu afumbe macho. Madresa wenzangu wa vituo vingine waliwahi kufanya hivyo. Sikujaribu. Nilikuwa naogopa kwamba wakianza kuuliza, nyumba ile itawapeleka kwenye nyumba ya dada. Mama yule alinishika kiwiko.

"Wewe umesoma," akasema. "Watatibiwa huko?"

"Watatibiwa."

Msichana nilimbeba mimi mwenyewe, na mvulana nikawaachia askari na mwenzake. Msichana hakuwa mzito. Njiani aliniuliza kama huko kuna maziwa, nikamwambia yapo. Mvulana alikufa siku ya tano, na dada yake akamfuata juma lililofuata. Tuliwazika kule ng'ambo, na mama yao hakuruhusiwa kuvuka. Alisimama upande huu wa mto tangu asubuhi, na jembe letu alikuwa akilisikia.

Mvua za kwanza ziliponyesha ugonjwa ulikwisha wenyewe, kama wazee walivyosema ungekwisha. Bwana Afya alirudi, akaitisha baraza jingine, akasoma karatasi. Alisema nidhamu ya watu wa Ikutha imeiokoa wilaya. Chifu alipewa koti jipya. Mimi nilitajwa kwa kazi njema, watu wakapiga makofi, na soko likafunguliwa siku ileile. Vibanda vya kambi vilichomwa moto na Bwana Afya mwenyewe akatazama.

Mtoto wa dada alipona. Dada alimficha mwezi mzima zaidi, lakini mtoto wa miaka minne huwezi kumfungia milele. Siku moja akatoka kufukuzana na kuku, na uso wake ukaonekana: mashimo kila mahali, kope moja imevutika chini. Dada akawaambia watu kwamba mtoto aliugua mwishoni, baada ya ukaguzi, akaogopa kusema. Walimwelewa. Nyumba nyingi zilikuwa zimeficha mtu.

Mama yule mjane aliposikia hivyo akakaa siku mbili nyumbani kwake akipiga hesabu ya siku. Siku ya tatu nilikuwa kwa dada, nimekaa uani, nikamwona anakuja. Alikuwa anamvuta beberu mmoja, mnyama pekee aliyebakiwa naye, na nyuma yake anakuja bibi mzee wa ukoo wao amebeba kifungu cha majani. Sisi Wakamba mtu akileta uchafu wa kifo kwenye boma la mwenzake hauachwi pale. Huja na mbuzi, akachinjwa, na tope la tumboni mwake likachanganywa na majani, tunaita ng'ondu, wakanyunyiziwa waliochafuliwa na milango yao. Kisha wote huketi wakala nyama pamoja, na jambo halitajwi tena.

Alipiga magoti mbele ya dada yangu.

"Nyumba yako ilikuwa safi," akasema. "Ilikuwa na alama, kila mtu aliiona. Watoto wangu walikuja hapa wakiwa nayo mwilini, na mimi sikujua. Wamekunywa kwenye kata yako. Mtoto wako amepata uso ule kwa sababu yangu. Nisamehe."

Dada akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakuna aliyenikatiza, hakuna aliyekuwa na haraka, hata bibi mzee aliweka majani yake chini akangoja. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nikamfikiria Bwana Afya, na jela, na mtoto akinyooshewa vidole maisha yake yote, na sikusema.

"Nimekusamehe," dada akamwambia.

Mimi ndiye niliyemshika mbuzi miguu. Bibi akatunyunyizia wote, dada, mtoto, na mimi pia kwa kuwa ni wa damu, na mwimo wa mlango ambao chokaa yake ilikuwa bado haijatoka. Tukala. Mama yule hakula sana. Alipasua ubavu, akachagua kipande chenye mafuta akanipa mkononi, akanishukuru kwa kumbeba binti yake kwa upole siku ile. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, nikala nikakimaliza.